Chaza wa Mwenyekiti

Chaza walikuwa wamefumba tena. Zakaria aligonga kioo cha tangi kwa ukucha, mbele ya mmoja baada ya mwingine, kama anayembishia hodi shemeji aliyenuna. Hakuna aliyefungua. Minyoo wa bahari nao, ambao siku walipoletwa walitandaza taji za manyoya mekundu, sasa walikuwa wamejikunyata ndani ya mirija yao.

Na maji yalikuwa safi ajabu. Garsen nzima ilijua kwamba sebuleni kwa Mwenyekiti Zakaria kuna kipande cha bahari kisicho na hata chembe ya uchafu. Maji yenyewe yaliletwa kwa mitungi kutoka Kipini, na usafi wake ulitoka kwenye chujio: pipa la bluu, refu kumzidi mkewe Florence, lililobanana na kabati la vyombo likinguruma kutwa kucha. Wageni walilisifu kabla hata ya kuketi. Zakaria alipenda kuwajibu kwamba kitu kizuri lazima kigharamiwe, ila hakuwahi kusema nani akigharamie.

Aliwapenda viumbe wale kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana alimpigia simu Najib, aliyemuuzia kule Malindi.

"Hao hawawindi, mzee," Najib alisema. "Wanachuja maji na kula vile vijimea vidogo vilivyomo. Sasa hiyo filta yako inatosha kijiji kizima. Inamaliza chakula kabla wao hawajafungua mdomo. Ukiwalisha, izime, la sivyo watakufa wote."

Zakaria alisononeka. Kuzima ni kukubali maji yachafuke, na maji yakichafuka heshima yake itawekwa wapi? Akaahirisha leo, akaahirisha kesho, mpaka chaza wawili wakafa na siku ya mgeni ikafika.

Mgeni alikuwa Tamar, afisa wa wafadhili kutoka Nairobi. Alikuja kukagua mradi wa maji safi uliosimamiwa na Mwenyekiti kule kijijini Idsowe, na akiridhika, mradi wa kijiji cha Kau nao ungekuwa wa Zakaria. Alfajiri hiyo Mwenyekiti alizima chujio, akachomoa mabomba yake na kumimina tangini chupa nzima ya chakula. Maji yakawa kijani kama mchuzi wa mchicha. Florence aliguna, akauliza na hilo pipa je. Zakaria akamwambia aliache, yeye ana mpango nalo.

Kisha chaza mmoja akaachama, na mwingine. Manyoya mekundu yakachomoza taratibu na kuanza kula. Zakaria, mtu mzima na kitambi chake, akatokwa na machozi. Aliona kweli mambo yake yote yanamnyookea siku hiyo.

Idsowe kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na akina mama waliokuwa wakiimba tangu asubuhi. Tamar alisifu uongozi bora, akafungua bomba la mradi, akakinga glasi, akainyanyua wote waone maji yalivyo safi, kisha akanywa.

Uso ukamkunjamana. Zakaria alijichekesha peke yake. Tamar alimgeukia mama aliyesimama karibu na ndoo tupu.

"Mama, haya maji huwa na chumvi hivi kila siku?"

"Sijui, mwanangu," mama akajibu, akinyoosha kidole nyuma ya bomba. "Hilo pipa la bluu ndiyo kwanza naliona leo."