Shikamoo ya Dada

Tangu sheria ianze kuhesabu umri wa ubongo badala ya umri wa kuzaliwa, mwenye ubongo mchanga ndiye anayetoa shikamoo. Mzee Chambuso alitamba. Masomo ya jioni, matembezi na moyo usioweka kinyongo vilimpa ubongo wa miaka arobaini, hata mkwewe akimwita kijana.

Mwaka huu alipopimwa tena hakukalika. Alizunguka sebuleni mpaka dada yake mkubwa, Mwantumu, aliporudi na majibu. Dada alijitanda kanga, akainama.

"Shikamoo, mdogo wangu."

"Acha utani, dada."

"Sitanii. Niitikie basi."

Chambuso alifungua mdomo. Neno la kuitikia alikuwa nalo tangu utotoni. Alilitafuta, akaendelea kulitafuta, dada bado ameinama.