Bonge la Mafuta Mlangoni kwa Bi Saumu

Siku hizi bonge la mafuta likiziba pampu za majitaka, kituo cha majitaka hulinusa, kikajua limetoka sinki la nyumba gani. Kisha mkokoteni usiosukumwa na mtu hulirudisha kwa mwenyewe, mchana kweupe.

Mkokoteni huo ulipoingia mtaani kwetu, uvundo ulitangulia. Nikashika mlango. Mimi ndiye nikaangaye samaki kila siku, ingawa mafuta yangu nayamimina kwenye debe, wallahi. Ukanipita! "Alhamdulillahi!" nikasema kwa sauti.

Ukasimama kwa jirani yangu Bi Saumu, bibi kizee asiyekaanga hata yai. Ukambwagia bonge kizingitini, mtaa mzima ukitazama.

"Jamani, Bi Saumu," nikamwita, "mafuta yote hayo umeyatoa wapi?"

Aliingia ndani, akatoka na sahani yangu, ile ninayompelekea samaki kila jioni, wakiogelea kwenye mafuta.

"Nimekuoshea, mwanangu."

Miaka yote hajanirudishia sahani bila kutia chochote, walau limau. Leo niliipokea inang'aa, haina kitu.