Ridhaa ya Yotham

Jumatatu asubuhi Emiliana alichukua ndoo ya chokaa akayafuta maneno ya ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyaandika mwenyewe miaka miwili iliyopita, wiki ile mume wake alipotoka na asirudi. Chokaa ilipokauka akaandika INAUZWA, na namba ya simu chini yake. Jirani yake Penina alikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, akimwangalia. Hakumsalimia.

Mtaa mzima wa Mkonze ulikuwa na lake la kusema kuhusu Yotham, mume huyo. Wapo waliodai yuko Kibakwe, ameoa upya. Wengine hawakudai chochote, ila walishusha sauti Emiliana akipita, na watoto wao waliitwa ndani. Yeye alikuwa hajibu. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, kumpata dalali anayefaa, na alijua nafasi ni moja. Akimchagua asiye ndiye, amekwisha.

Madalali wa Dodoma hawasubiri kuitwa mara mbili, hasa tangu viwanja vya mji huu vianze kuwatia watu wazimu. Kabla ya saa sita simu ilikuwa imechemka mkononi. Kufikia Alhamisi alikuwa amewapokea saba, kila mmoja kwa saa yake, kila mmoja kwa kikombe cha chai.

Jamaldini alikuwa wa kwanza, kijana mtanashati mwenye haraka. Aligonga kuta, akahesabu vyumba, akasifu paa. Kisha akauliza hati ina majina mangapi.

"Mawili. Langu na la mume wangu."

"Na mzee yuko wapi?"

"Aliondoka. Miaka miwili sasa."

Jamaldini akaweka kikombe chini. "Hapo pagumu, mama. Bila ridhaa ya mume hakuna wakili atakayegonga muhuri."

"Tukiuza hivyo hivyo?"

"Na akirudi je? Mimi nitalala mahabusu!"

Emiliana alimshukuru, akamsindikiza hadi getini. Kijana aliondoka kwa mwendo wa nusu mbio, bila kuacha namba yake.

Stara, mwanamke mwenye ofisi mjini, alikuja na huruma zake. Alishauri waanzie polisi, kisha mahakamani, taratibu, hata ikichukua mwaka.

"Ya polisi niachie mimi," Emiliana alisema. "Nijibu hili tu. Tukiuza, na yeye akarudi, itakuwaje?"

"Mauzo yanafutwa, dada, na sisi wote tuna kesi." Stara alimtazama sana. "Mbona unauliza hivyo, kama mtu anayejua kwamba harudi?"

"Sijui kitu. Ndiyo maana nauliza."

Stara hakumaliza chai yake. Watano waliofuata walijibu yale yale, kwa maneno yao, na wote walikataliwa. Mmoja alikasirika kabisa. Alisema mama huyu hatafuti dalali, anatafuta mtu wa kubeba dhambi yake.

Ijumaa alikuja Joshua. Alikuwa mtu mzima, mpole, suti ya kijivu, viatu visivyo na vumbi japo Mkonze nzima ni vumbi. Hakugonga ukuta hata mmoja. Alikaa, akapokea chai, akauliza habari za nyumbani kama mgeni wa harusi.

"Mume wangu hayupo," Emiliana alisema.

"Nimesikia."

"Na ridhaa yake inahitajika."

"Hilo dogo."

Emiliana alimsogezea sukari. "Na akirudi?"

Wenzake wote walikunja uso kwa swali hilo. Joshua alitabasamu.

"Harudi, mama."

Hofu ilimshika Emiliana. Ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kama furaha, na alijionea aibu. Nje, Penina alikuwa anafagia sehemu ile ile kwa mara ya tatu.

"Basi nimekuchagua wewe," alisema. "Hiyo ridhaa tutaipata lini?"

Joshua alifungua mkoba, akatoa bahasha, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja. "Mimi sitakuuliza mumeo umempeleka wapi," alisema kwa upole. "Na wewe usiniulize hii nimeitoa wapi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Ndani mlikuwa na fomu ya ridhaa ya mwenza, imejazwa yote. Kulikuwa na sahihi ya Yotham, ile herufi ya kwanza ndefu inayolala upande. Kulikuwa na alama ya dole gumba. Pembeni ilibandikwa picha yake ndogo.

Emiliana aliinama karibu na ile picha. Yotham alikuwa amevaa shati la kijani kibichi, jipya, ambalo yeye mwenyewe alimnunulia mnada wa Msalato, na ambalo Yotham alilivaa mara moja tu, asubuhi aliyotoka kwenda kuonana na dalali ambaye hakumtaja jina.

Alimwongezea Joshua chai, akaomba udhuru, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kisha akapiga simu.

"Afande," alinong'ona, "amekuja."