Vibibi vya Shelisheli

Kila asubuhi Mwanahawa alimimina rojo la unga wa shelisheli kikaangoni, na mama yake, Bi Kazija, alionja kibibi cha kwanza na kukikosoa. Leo, kabla hakijaiva, simu ililia.

"Mama! Chuo Kikuu kimevikubali! Kesho mji mzima utakula vibibi vyangu!"

Bi Kazija alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. "Nani anaolewa huko?"

Mwanahawa alirukaruka kama mtoto. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwapelekea wataalamu wa Chuo, kilichochagua chakula cha mji mzima, vibibi vyake wavionje.

Kisha wote wawili walikitazama kikaango. Sheria aliijua kila mtu: chakula kikishakubaliwa, hupikwa na mashine za Chuo tu, pasipotee hata punje, na nyumbani hakipikwi tena. Mwisho wa kuvipika nyumbani ulikuwa leo saa sita mchana.

"Vya mashine vitakuwa sawasawa na vyangu," Mwanahawa alisema. "Mpaka iliki."

"Hiyo iliki yako..." Bi Kazija alianza, kama kawaida yake. Alikiepua kibibi, akakimega, akatafuna taratibu.

"Vilikuwa vitamu tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nakosoa ili kesho yake unipikie tena."