Daftari la Presha

Kabla jua halijatoka, fundi rangi alikuwa amekwisha kuandika namba za siku hiyo kwenye daftari la presha. Akaizungushia taulo mashine ya kupimia, akanyata kuelekea jikoni kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkewe alikuwa bado kwenye usingizi wake wa pono.

Zilikuwa zimetimia wiki mbili tangu daktari amwonyeshe picha ya kichwa chake: mshipa mmoja wa damu umetuna, ukuta wake umekuwa mwembamba. Fundi alielewa papo hapo, maana amekwangua kuta nyingi zenye unyevu, na rangi ikishatuna vile ni kugusa tu. Presha ikiwa nzuri, daktari alisema, watasubiri wakiuangalia. Ikipanda, watafungua kichwa waubane mshipa kabla haujapasuka. Apime nyumbani kila asubuhi, kwani hospitalini woga humpandisha kila mtu.

Mtu mzima aliyezoea kuning'inia ghorofa ya sita na ndoo mkononi alitoka pale akikipapasa kichwa chake. Kisu kichwani? Thubutu! Akaapa moyoni kwamba daftari lile halitamfikisha huko.

Mkewe, fundi cherehani, hakuwa mtu wa magonjwa. Tangu waoane hajameza hata kidonge cha mafua, na mumewe humtania kuwa aliundwa kwa chuma. Wiki hii tu ndiyo alilalamika kichwa kinamgonga nyuma ya jicho, na kope moja ikawa inalegea. Akalaumu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

"Nenda tu, baba watoto," alimwambia asubuhi hiyo. "Mimi ngoja nijinyooshe kidogo."

Hospitalini, daktari alifungua daftari, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Akauliza kama amepima kila siku.

"Sikukosa hata siku moja," fundi alijibu kwa majivuno. Namba zenyewe hakuzielewa. Aliziandika kama zilivyotokea.

"Jana mia mbili na kumi. Leo mia mbili ishirini na tano." Daktari alivua miwani. "Kichwa kinauma nyuma ya jicho? Kope inalegea?"

Fundi aliingiza mkono mfukoni, akaigusa simu. Akasema yeye hana hayo.

"Bahati yako. Hizo ndizo dalili za mshipa ulio mbioni kupasuka. Lakini mwenye namba hizi harudi nyumbani leo, nakwambia. Anaweza kuanguka saa yoyote."

 Fundi alikuwa amekwisha kutoa simu na kupiga nyumbani. Ikaita, ikaita, naye akawa anaiona mikono yake mwenyewe ikimfunga mkewe ule mkanda wa kupimia, alfajiri kumi na nne mfululizo, taratibu, asije akamwamsha.