Pini ya Mlango

"Panda, mume wangu, lori si manowari," nilimtania babu Mbaruku, kama sisi wajukuu wa Sindeni tunavyowatania babu zetu.

Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilicheka lote. Babu alibaki chini, ameshika mlango kwa vidole vyake vitatu.

Viwili aliviacha baharini. Huko Burma, alikopigana vita vya Waingereza, Wajapani walimteka, wakamfungia na wenzake tumboni mwa meli ya mizigo, manowari ndogo ikiwasindikiza. Meli ilipopigwa, manowari iliokota mabaharia wa Kijapani tu. Mlango wa mateka haukufunguliwa. Babu alipenya kwenye ufa.

Mgambo alimsukuma ndani, akanirushia pini ya komeo. "We msomi, kaa mlangoni. Funga!"

Babu aliniinamia sikioni. Leo hakuniita mke.

"Mjukuu wangu, usifunge."

Niligongesha pini kwenye chuma mpaka mgambo akaridhika, kisha nikaipenyeza kiganjani mwa babu. Vidole vitatu vikaifumba.

Lori likaanza kupanda mlima. Nikaushika mlango usio na pini kwa mikono miwili, na wote nyuma yangu wakaanza kuniegemea.