Mlango Nyuma ya Maporomoko

Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Bi Fusae, mpishi wa kantini, alikuwa ameshika kidhibiti cha mchezo wa video kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kwenye skrini kikatuni chake kilikuwa kimekwama mbele ya maporomoko ya maji. Nyuma yake alisimama Mzee Kurata, mbunifu wa mchezo huo, mikono mgongoni. Sheria ilikuwa yake mwenyewe, ya miaka arobaini sasa: mchezo mpya, kabla haujauzwa, hupewa mtu asiyejua lolote, na ni marufuku kumwelekeza. Akikiweka kidhibiti chini kwa kukata tamaa, kazi yote inaanza upya.

"Sasa njia iko wapi jamani?" aliuliza Bi Fusae.

Mlango ulikuwa nyuma ya maji. Vijana wote wa ofisini waliupata bila hata kufikiri, na sasa Kurata akaelewa kwa nini, jasho likimtoka. Walikulia kwenye michezo yake. Ni yeye aliyewazoesha, tangu utotoni, kutafuta mlango nyuma ya maji.

"Mwalimu," alinong'ona Chinatsu, msaidizi wake, "mwambie neno moja tu. Ni miaka minne yetu hiyo!"

Neno lilimfika Kurata kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

Bi Fusae akashusha pumzi, akakiweka kidhibiti mezani. Chinatsu akafumba macho.

Lakini mpishi hakuondoka. Alisogea hadi kwenye skrini, akaweka kiganja juu ya maji yale, taratibu, kama mtu anayetaka kusogeza pazia aone kilicho nyuma yake.